Nilipokuwa mtalii kwetu: chuma, kahawa na kata ya mbege

Najua nimewatupa wiki tatu nzima mpaka wengine mkaanza kuulizana kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo. Ni testi, ni asaimenti za vikundi ambazo wanafanya watu wawili halafu yanaandikwa majina manane, mnayajua wenyewe maisha ya chuo. Leo nina la kusema, tena refu kidogo, kwa hiyo chukua chai yako ukae.

Chanzo ni mwalimu wetu wa historia. Alituambia sisi wa ualimu mwaka wa pili: andikeni historia ya mahali mnapoishi kwa kutumia vitu vitatu ambavyo mtu anaweza kuvishika mkononi. Akaongeza sharti kwamba asione insha inayoanza na mzungu kugundua kitu. Darasa zima likacheka, halafu kimya, maana kila mtu alijua insha yake ilikuwa inaanzia hapohapo.

Mungu si Athumani. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaongoza wageni hapa Moshi. Si wa kupandisha watu mpaka Uhuru, yeye ni wa safari za siku moja: asubuhi mnapelekwa Marangu, mnaona wahunzi, mnakula vyakula vya Kichagga, mnatwanga kahawa, mnaonja mbege, jioni mnarudishwa hotelini. Ijumaa usiku akanipigia: "Dada, kesho kwenye Noah kuna kiti kimoja kitupu, njoo." Basi mimi niliyezaliwa Kibosho, niliyekulia kwenye migomba, nikaenda kutalii migombani.

Tulitoka mjini saa mbili asubuhi, wageni watano, binamu, dereva na mimi. Barabara ya Himo, mlima uko kushoto, na siku hiyo Kibo ilikuwa imejifunua yote. Wageni wakaanza kupiga picha kupitia dirishani, na binamu akaanza somo lake: "Theluji ya mlima huu iligunduliwa tarehe 11 Mei 1848 na mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann." Nikamtazama. Akanikonyeza.

Ni kweli Rebmann aliiona theluji siku hiyo, na ni kweli wasomi wa Ulaya walimbishia miaka mingi, theluji gani karibu na Ikweta? Lakini Rebmann hakuja peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani, kiongozi wa misafara aliyeijua njia ya kutoka Mombasa mpaka huku. Na alipofika Kilema alimkuta Mangi Masaki kwenye nchi yake. Kwa hiyo kabla ya mgunduzi kugundua, njia ilikuwepo, mwongoza wageni alikuwepo na mwenyeji alikuwepo. Nilimnong'oneza binamu kwamba kazi yake ni ya zamani kuliko anavyodhani. Akasema hilo atalitumia. (Binamu, kama unasoma, nadai asilimia.)

Himo tukakata kushoto tukaanza kupanda. Kituo cha kwanza kilikuwa kwa wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu. Msifikirie kiwanda. Ni kibanda cha bati kati ya migomba, chini kuna shimo la mkaa, na kijana mmoja amekaa anavukuta mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, huu ukishuka ule unapanda, moto hauchoki. Mzee mwenyewe alikuwa ameshika koleo, ndani ya moto kuna springi ya gari. Ndiyo, springi ya gari bovu! Akaitoa ikiwa nyekundu, akaipiga, akairudisha, akaipiga tena, na mbele ya macho yetu springi ikaanza kuwa ncha ya mkuki.

Pembeni kulikuwa na meza ya vitu vya kuuza. Kengele za ng'ombe na visu alivyofua mzee vilikuwa upande mmoja. Upande wa pili vinyago vya Kimakonde, ambavyo asili yake ni kusini kabisa, na picha za Tingatinga, mtindo ulioanzia Dar es Salaam miaka ya 1960 kwa Edward Saidi Tingatinga. Mgeni mmoja akanunua picha ya Tingatinga kama kumbukumbu ya ufundi wa Wachagga. Mzee hakusema kitu. Biashara ni biashara.

Nilimsogelea. "Shikamoo mzee. Zamani, kabla ya magari, chuma mlikitoa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Upare." Akarudi kwenye nyundo yake.

Neno moja tu, lakini lina historia nzima ndani yake. Upare ya Kaskazini, hasa Ugweno, ndiko walikokuwa mafundi wa kuyeyusha chuma. Ukoo wa Washana kule ulijulikana kwa kazi hiyo, na marehemu Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya siasa ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, ameeleza jinsi uhunzi ulivyokuwa karibu sana na utawala. Chuma kilivuka tambarare kuja mlimani, mifugo ikaenda kule. Huku mlimani wahunzi wakakifua kuwa majembe, visu na mikuki, na Wamasai walikuwa wateja wakubwa wa mikuki. Mara nyingine mkuki uliouzwa uliwarudia wenyewe, ndiyo maana huko Marangu na Kilema bado kuna mahandaki waliyochimba wazee ili watu na ng'ombe wajifiche wakati wa vita. Tulilitembelea moja baadaye. Nilitambaa hatua kumi nikarudi, siwezi kudanganya.

Halafu wakaja Wajerumani. Mwaka 1891 walimpiga Mangi Sina wa kwetu Kibosho. Mwaka 1892 Mangi Meli wa Moshi aliwashinda na kamanda wao von Bülow akafa, lakini mwaka 1893 walirudi na jeshi kubwa, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli pale Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Mkuki ukapoteza kazi yake. Mwaka 1911 reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi, na bidhaa za viwandani zikawa rahisi kufika, majembe yakiwemo. Tanuri za Upare zikazimika. Mhunzi wa Mamba hakuzimika, alibadilisha malighafi. Ndiyo maana ile springi ya gari haikunichekesha tena baada ya dakika tano. Kumbe mhunzi huyu hajawahi kuwa na chuma cha kwake. Siku zote amekuwa akichukua chuma kinachopita karibu anakigeuza chake.

Hilo likanikaa kichwani mpaka mchana.

Mchana tulikula kwenye kihamba cha familia moja, chini ya miti. Mtori, kiburu cha ndizi na maharage, na ndizi nyama. Wageni walikula mtori kwa adabu, kama dawa, mpaka binamu alipowaambia ni chakula cha mama aliyejifungua, wakauangalia kwa heshima mpya. Akaeleza pia kihamba kilivyo: juu miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi na mboga, na mfereji unapita pembeni ukileta maji kutoka juu. Mwaka 2011 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitambua kihamba ya Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo wa dunia. Pembeni mwa shamba kulikuwa na isale, mmea ambao kwetu unaonyesha mpaka, na ukimpelekea mtu jani lake unaomba msamaha. Binamu akasema: "Hapa kila kitu ni cha asili."

Nikaanza kuhesabu. Mgomba ulitoka Asia ya kusini-mashariki, ukavuka bahari karne nyingi zilizopita. Maharage yalitoka Amerika. Kahawa ililetwa na mapadre. Wote ni wageni kama springi ya gari. Asili ni kazi ya mkono wa mwenyeji baada ya kitu kufika.

Basi tukaingia kwenye kahawa. Hapa wageni walifurahi sana maana kuna kutwanga kwenye kinu, kuna kuimba, kuna kukaanga mpaka moshi unaingia machoni. Binamu akasema kwa kifupi: "Wamisionari walituletea kahawa na kutufundisha kuilima." Kisha kila mtu akapewa kikombe.

Wadau, hiyo sentensi ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo tamu. Mapadre wa Roho Mtakatifu kweli walileta mibuni, kutoka misheni zao za upande wa pwani, wakaipanda Kilema miaka ya 1890. Lakini kulima ili uuze na upate pesa yako mwenyewe ni jambo jingine. Baada ya Vita ya Kwanza, Waingereza walipoichukua nchi, ofisa wa wilaya hapa Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga walime kahawa kwenye vihamba vyao. Walowezi wazungu wenye mashamba makubwa walipinga. Wakasema kahawa ya Mwafrika italeta magonjwa. Wasichosema kwa sauti ni kwamba mtu mwenye kahawa yake haji kuchuma yako kwa ujira mdogo.

Jibu la Wachagga lilikuwa chama. Mwaka 1925 walianzisha Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro, KNPA, na Joseph Merinyo akiwa mstari wa mbele. Wakanunua mashine za kupulizia dawa, wakatunza mibuni yao, wakasimama pamoja dhidi ya walowezi. Mwaka 1933 kikageuzwa kuwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jengo lake mnalijua wote mliowahi kushuka daladala mjini. Jirani zetu Kenya Waafrika walizuiwa kwa miaka mingi kulima kahawa hiyo, na mlango ulifunguliwa kweli kweli na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Hapa kwetu mkulima alikuwa ameshapeleka mtoto shule kwa kahawa.

Na wala haikuwa hadithi ya kusifiana tu. Wakulima walipolazimishwa kuuza kwa KNCU peke yake na bei ikaanguka, mwaka 1937 waliinuka na kuvamia maghala ya chama chao wenyewe, na serikali ikaleta askari. Mwaka 1976 serikali yetu huru ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, baadaye miaka ya 1980 vikarudishwa. Yote hayo yana mafaili. Yana barua, mihutasari, picha za wajumbe waliovaa makoti. Mwanafunzi akitaka kuandika tasnifu ya kahawa ya Kilimanjaro, kazi yake ni kuchagua tu asome nini.

Nilikunywa kikombe changu nikamkumbuka babu. Babu alikuwa mwanachama, na kwetu kahawa ni ya baba. Yeye anapeleka, yeye anapokea, jina ni lake kwenye kitabu. Mwaka 1989 mkataba wa dunia uliokuwa unagawa kahawa kwa mafungu ulivunjika, bei ikashuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikashuka tena vibaya. Ndiyo wakati niliozaliwa mimi. Kwetu Kibosho mibuni mingine iling'olewa, mingine ikaachwa ikawa kuni. Babu aliendelea kuzungumzia msimu ujao mpaka anafariki. Aliyekuwa anatulisha ni bibi.

Sasa tufike mwisho wa safari, ambako ndiko nilikotaka kuwapeleka tangu mwanzo.

Saa tisa hivi tulifika kwa mama mmoja mpika mbege. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mapipa, majiko ya mafiga, na ile harufu. Wenye kuijua wanaijua: ndizi mbivu zilizochemka, uchachu kidogo, na moshi wa kuni. Ilinishika kooni. Hiyo ndiyo harufu ya sare yangu ya shule ya msingi.

Kwa wasioijua, mbege hupikwa hivi. Ndizi zinaivishwa, zinamenywa, zinachemshwa saa nyingi mpaka zinabadilika rangi, kisha zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi unaloweshwa mpaka uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji. Linatiwa gome la msesewe kwa ajili ya uchungu. Kisha vinachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na ukikosea siku moja umepoteza vyote. Jina lenyewe, mbege, kwa Kichagga ni jina la ulezi. Zamani ulezi ulikuwa moja ya mazao yaliyomwagiliwa kwa ile mifereji ambayo wageni wa kwanza waliishangaa. Yaani mifereji ile ya ajabu inayosifiwa kwenye vitabu, sehemu ya kazi yake ilikuwa kuleta maji yatakayokuwa pombe! Na pombe ndiyo iliyokuwa inakusanya watu, kuposa, kuzika, kulipa faini, kupatanisha ndugu waliogombea mpaka.

Yule mama akachota kwa kata, akanywa yeye kwanza kama ilivyo desturi, ili mgeni aone haina ubaya, kisha akaipitisha. Wageni wakanywa kidogo kidogo, wakakunja nyuso. Isipokuwa mmoja, mwalimu mwanamke kutoka Oaxaca, Meksiko. Yeye alikunywa, akafumba macho, akanywa tena. Akasema kwao kuna kinywaji kinafanana na hiki, pulque, utomvu wa mmea wenye majani ya miiba uliochachushwa, uliokunywewa hata kabla Wahispania hawajafika mwaka 1519. Na wanakamua pia pombe kali ya mmea wa jamii hiyo, mezcal, ambayo zamani ilidharauliwa kuwa ya maskini wa vijijini. Sasa jina lake linalindwa kisheria tangu mwaka 1994, kama tequila ilivyolindwa mwaka 1974, na mtu wa nchi nyingine haruhusiwi kubandika jina hilo kwenye chupa yake. Akatuuliza: "Na ninyi kali yenu ni ipi?"

Binamu akakohoa. Kali yetu ni gongo, na jina lake jingine ni moshi, sawasawa na mji wetu. Bunge lilitunga sheria mwaka 1966 ya kuzuia kutengeneza moshi bila kibali, na mtu akisoma kichwa cha sheria ile anaweza kudhani wamepiga marufuku wilaya nzima. Wageni wakacheka. Sheria yenyewe si ya kuchezea, gongo iliyokamuliwa vibaya inapofusha na kuua, sitetei hilo. Lakini nilikaa nikiwaza: wenzetu waliichukua pombe ya kijijini wakaiwekea viwango na jina. Sisi tulikamata mapipa.

Mgeni mwingine akauliza mbege hunywewa na nani. Binamu akajibu: "Wazee wetu, kwenye sherehe za jadi."

Yule mama hajui Kiingereza. Akanigeukia. "Mae, amesemaje?" Mae kwa Kichagga ni mama, ndivyo wakubwa wanavyotuita hata sisi wasichana. Nikamtafsiria.

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Sherehe? Mwambie wiki hii nimepika mara mbili na sijaona bwana harusi. Hii ni ada ya mtoto. Yuko VETA."

Kimya kidogo. Binamu akanitazama kama anasema tafsiri basi, wewe si ndiye msomi. Na hapo jamani ndipo ninapotaka kuungama. Mwaka wa kwanza hosteli, wenzangu walipouliza nyumbani wanafanya nini, nilisema bibi ni mfanyabiashara. Biashara gani? Ya vyakula. Kuna siku mmoja alitania watoto waliosomeshwa kwa pombe za kienyeji kwamba ndiyo maana wanalewa haraka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nilicheka, tena kwa sauti. Mkopo wangu haukufikia ada yote, na kilichobaki kililetwa kwa simu kidogo kidogo, kila baada ya siku ya kuuza. Nilikuwa naijua kabisa hela hiyo inanuka nini.

Nikawaambia wageni alichosema yule mama. Halafu nikaongeza: "Na mimi pia. Bibi yangu anapika hii. Niko chuo kikuu kwa sababu ya hii."

Sijui nilitegemea nini. Hakuna aliyepiga makofi, si sinema. Mwalimu wa Oaxaca aliniuliza bibi ana umri gani, na alijifunza kwa nani. Yule mama akaniuliza kwetu ni wapi, nikasema Kibosho, akasema mbege ya Kibosho ni chachu mno. Tukabishana. Akanijazia kata mpaka juu, nikanywa mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu nifike chuo.

Kwenye gari wakati wa kurudi nilikuwa naiandika insha kichwani. Chuma na kahawa vilishapata nafasi. Chuma kina maprofesa, kahawa ina mafaili na jengo zima mjini. Lakini kahawa ilipoanguka na hela ya baba ikakata, nyumba ngapi za mlimani zilihamia kwenye ndizi na maziwa, ambavyo tangu zamani viko mikononi mwa kina mama? Hiyo ni historia ya uchumi kabisa, si desturi. Ila haina mihutasari. Hakuna mwanamke aliyepigwa picha amevaa koti kwa sababu ameuza ndoo kumi. Kwenye vitabu mbege iko sura ya mila, kwenye utalii iko kituo cha mwisho kabla ya kurudi hotelini. Kwenye vihamba vingi iko sura ya ada. Nikipelekwa mazoezi ya kufundisha mwakani, wanafunzi wakisoma ukoloni na mazao ya biashara, nitawauliza kwanza: nyumbani kwenu, hela ya daftari hili ilitoka kwa nani?

Usiku nilimpigia bibi. Nikamweleza yote, mhunzi, handaki, mgeni wa Meksiko aliyemaliza kata. Hapo akafurahi: "Alimaliza? Huyo kwao ni watu." Nikamweleza na nilivyosema mbele za watu. Akanyamaza kidogo, kisha hakuuliza nilijisikiaje wala nini. Aliuliza: "Na yule mama walimlipa shilingi ngapi?"

Sikujua. Nikamtumia binamu ujumbe, akajibu papo hapo, na namshukuru kwa ukweli wake: mama huyo analipwa bei ya ndoo moja, wageni wawe wawili au kumi. Nikamwambia bibi.

"Ndoo nimeelewa," akasema. "Na kumwangalia hawalipii? Na kile alichowaeleza?"

Nilikosa jibu. Nimemwandikia binamu, naye amesema Jumatatu atalipeleka kwa wanaomwajiri, tuone. Mimi huku nimeanza kazi yangu. Kitu cha tatu kwenye insha ni kata, na Jumamosi hii napanda Kibosho na daftari nikaandike kwa bibi: mwaka gani alianza, ulezi alinunua wapi, debe lilikuwa bei gani, nani alisomea hela ipi. Amekubali, kwa sharti kwamba nitamenya ndizi huku naandika.

Haya wadau, nawaacha. Jumanne kuna testi ya saikolojia ya elimu na sijagusa kitu. Kama kwenu pia kuna mtu aliyewasomesha kwa kitu mnachoogopa kukitaja hosteli, mpigieni simu leo. Tuko pamoja.